Nani alikuwa ananuka pombe? Sentensi yangu ya Kiingereza ilivyomponza mzee wa getini

Jumatano ya wiki juzi binti yangu alirudi kutoka shule amenuna. Shikamoo yake ilikuwa ya mdomoni tu. Akaenda jikoni, akafunua sufuria, akafunika, kisha akaja sebuleni nilikokuwa nachambua mchele na kuliweka daftari la Kiingereza kando ya ungo.

"Mama, hebu soma hapa. Huyu mwalimu ananionea."

Yupo Kidato cha Pili. Alisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba ya Kiswahili, na alipoingia sekondari akakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza kama vile mtu kahamisha nyumba usiku. Amepambana, namwona. Ndiyo maana kalamu nyekundu inamuuma kuliko inavyowauma waliozoea.

Insha ilikuwa ile ya kila mwaka, siku ambayo hutaisahau. Yeye alichagua kisa cha kweli. Mwaka jana mama yangu mzazi, anayeishi Kilosa, aling'atwa na mbwa akielekea sokoni, tukahangaika naye kwa sindano za kichaa cha mbwa. Sentensi ya pili ya binti yangu ilisema: "Walking to the market, a big dog bit my grandmother." Mwalimu ameipigia mstari, na pembeni ameandika swali moja tu: "Who was walking?"

"Si bibi jamani!" binti yangu akasema. "Kila mtu anajua. Mbwa anaenda sokoni kununua nini? Inaeleweka."

Nilitaka kucheka, lakini neno hilo la mwisho likanishika kooni. Inaeleweka. Nililisema mimi mwenyewe mwaka 2008, nikiwa na miaka 26, kwa sauti hiyohiyo ya mtu aliyeonewa. Na siku ile halikuwa jambo la alama mbili za insha.

Wakati huo nilikuwa katibu muhtasi katika tawi la kampuni moja ya usafirishaji hapa Morogoro. Niliajiriwa kwa sababu ya Kiingereza changu. Sijisifu, ndivyo meneja alivyosema mbele ya wenzangu, na tangu siku hiyo kila karatasi iliyokuwa inakwenda makao makuu Dar es Salaam ilipita mikononi mwangu. Watu walikuwa wananiletea hata barua zao za benki niwaandikie. Nilitembea pale ofisini kama nina cheo.

Getini tulikuwa na mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye sote tulimwita Babu. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Asubuhi moja dereva wa gari kubwa alifika amechelewa saa mbili nzima, ananuka pombe, na Babu akakataa kumfungulia geti. Alifanya kazi yake. Mzigo ukachelewa kuondoka, mteja akalalamika, makao makuu wakataka taarifa ya maandishi siku ileile.

Meneja alikuwa likizo. Aliyekuwa anakaimu alikuwa ametoka Dar es Salaam siku mbili nyuma, hamjui dereva wala mlinzi. Akaniambia, "Dada, andika unavyojua, nitasaini." Nikamwita Babu ofisini, akakaa kwenye kiti mbele yangu, kofia mapajani, akanieleza yote kwa utaratibu. Nikasikiliza, nikaandika. Nilitaka iwe sentensi ya kisomi, siyo zile fupifupi za watoto. Ilitoka hivi: "Arriving late and smelling of alcohol, the watchman stopped the driver at the gate and refused to let him in."

Mzazi mwenzangu, kama Kiingereza chako ni kama kilivyokuwa changu, soma tena. Kichwani mwangu nilikuwa naona dereva anashuka kwenye gari akiyumba. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwamba mlinzi alifika amechelewa akinuka pombe, na katika hali hiyo akamzuia dereva wa watu asiingie. Kisa kizima kimegeuka, na kilivyogeuka kinaleta maana kabisa. Ndiyo hatari yake. Sentensi ya mbwa kwenda sokoni inachekesha, msomaji anaisahihisha mwenyewe akaendelea. Sentensi ya mlinzi mlevi haichekeshi mtu. Inaaminika.

Baada ya siku nne barua ikarudi. Mlinzi asimamishwe kazi bila malipo kwa ulevi kazini, kutokana na taarifa ya tawi. Babu aliitwa, akasomewa, akaambiwa asaini kwamba ameipokea. Alisema mara mbili, "Mimi sinywi." Akajibiwa kwamba taarifa imetoka hapahapa ofisini, na imeandikwa na watu wanaojua kuandika.

Mimi niliona watu wa Dar ndio waliosoma vibaya. Nikachukua nakala yangu, nikampelekea mhasibu nikiwa nimefura. Akasoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Hapa nani ananuka pombe?" Nikasema dereva, inaeleweka. Akaweka kidole baada ya koma, kwenye neno "watchman", akanitazama, hakusema kitu.

Nilisimulia mpaka hapo, binti yangu akawa ameacha kununa. Akauliza, "Sasa kosa liko wapi hasa? Mbona kwa Kiswahili tunasema hivyohivyo?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Kwa Kiswahili ukisema "Nikiwa njiani kwenda shule, mvua ilianza kunyesha," hujakosea hata chembe. Ile ni- ya mwanzo imebeba mwenyewe. Msikilizaji anajua ni mimi niliyekuwa njiani, hata kama baada ya koma anakuja mvua, ng'ombe au mkuu wa wilaya. Kitenzi chetu kinatembea na kitambulisho chake mfukoni: ni-, tu-, a-, wa-, i-. Sasa mtoto anayechukua sentensi hiyo na kuipeleka kwa Kiingereza kama ilivyo anaandika "Walking to school, the rain started," akidhani amebeba kila kitu. Hajabeba. Lile neno la -ing, ambalo walimu wa sarufi wanaliita patisipo, halina ni- wala a-. Limeacha kitambulisho nyumbani.

Nilimwambia alifikirie kama mtoto mdogo aliyepotea sokoni. Hajui jina la mama yake, kwa hiyo anashika mkono wa mtu mzima wa kwanza anayemwona, na huyo mtu mzima ndiye kiima cha sentensi, yule anayekuja baada ya koma. Ukimweka mbwa hapo, mbwa ndiye anatembea. Ukimweka mlinzi, mlinzi ndiye ananuka.

Nisidanganye kwamba Kiswahili chetu hakina mtego huu. Kinao, pale watu wawili wanapogawana a- moja. "Mama alimfukuza mtoto huku akilia." Nani alikuwa analia? Au "Baada ya kunywa dawa, daktari alimruhusu mgonjwa aende." Kunywa hakuna mwenyewe, na daktari ndiye aliyesimama karibu na chupa. Lakini sisi tunaishi ndani ya lugha hii, tunasikia tunapokwama, tunaongeza jina mambo yanakwisha. Kwa Kiingereza hatusikii.

Binti yangu akachukua kalamu, akafuta, akaandika: "While walking to the market, a big dog bit my grandmother." Akanionyesha kwa furaha.

Hili ndilo kosa la pili, na nimeliona hata kwa watu wazima wenye shahada. Umeongeza "while", umeonekana kama umerekebisha, lakini mbwa bado anakwenda sokoni. "While" inaeleza wakati, haielezi nani. Hali ni hiyohiyo kwa "after" na "before". "After eating, the plates were washed" bado ni karamu ya sahani.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama umlete mwenyewe akae baada ya koma: "Walking to the market, my grandmother was bitten by a big dog." Ama ulipe lile tendo la kwanza kiima chake na kitenzi kamili, lisihitaji kushika mkono wa mtu: "While my grandmother was walking to the market, a big dog bit her." Binti yangu alipenda ya pili kwa sababu, alisema, haina "was bitten", ambayo inamchanganya. Mimi napenda ya kwanza. Tulibishana kidogo mpaka mchele ukabaki bila kuchambuliwa, na kaka yake akaja kuuliza kama leo tunakula sarufi.

Nilimpa mfano wa jikoni, maana huko ndiko ninakomshika vizuri. "Fried in coconut oil, my mother served the fish." Akafikiri kidogo, kisha akapiga kelele, "Wamemkaanga bibi!" Ndiyo. Wamemkaanga kwa mafuta ya nazi, na bado ameinuka akapakua samaki. Maneno haya yanayoishia na -ed, au yale ya umbo lake kama "written" na "broken", yana tabia ileile. Samaki ndiye aliyekaangwa, basi samaki akae karibu: "Fried in coconut oil, the fish was served with rice."

Hapohapo nikakumbuka kosa jingine la familia hiyohiyo ambalo vijana wetu wanalipeleka hadi kwenye barua za kuomba kazi. "I am very interesting in this job." Kijana anataka kusema amevutiwa na kazi, amesema yeye mwenyewe anavutia sana. Au "I am boring", akimaanisha amechoka kukaa bure, kumbe amejitangaza kwamba anachosha watu. Ajabu ni kwamba Kiswahili kinatofautisha mambo haya vizuri sana: kuchoka na kuchosha, kuvutiwa na kuvutia, kushangaa na kushangaza. Hakuna Mswahili anayesema "mimi ninachosha" akimaanisha amechoka. Mwambie mtoto ajiulize kwanza kwa Kiswahili. Kama ni kuchosha, inakuwa "boring" au "tiring". Kama ni kuchoka au kuchoshwa, inakuwa "bored" au "tired".

Alhamisi alirudi na silaha. Mwalimu wake, ambaye siku ya pili hakuwa tena mwonevu, alikuwa amewaambia darasani kwamba hata Shakespeare aliteleza hapa. Katika Hamlet, mzimu wa mfalme unasimulia kwamba watu waliambiwa alikuwa amelala bustanini akaumwa na nyoka, na sentensi imejengwa hivi kwamba ukiisoma kwa sheria, aliyelala ni nyoka. Ni kweli, mfano huo unajulikana sana. "Kwa hiyo na mimi niko na Shakespeare," binti yangu akasema. Nikamwambia akishaandika Hamlet tutazungumza.

Akaja pia na "Considering his age, my grandfather walks fast," aliyoikuta kwenye kitabu chake. Mbona hii haikukatwa? Babu hafikirii umri wake, ni sisi tunaofikiria. Ana haki. Kuna maneno machache, "considering", "judging from", "generally speaking", ambayo Waingereza wameyatumia mpaka yakawa kama viunganishi, hayatafuti mwenyewe tena. Nilimwambia ayakariri kama anavyokariri wageni wanaoruhusiwa kuingia bila kubisha hodi, asiyafanye kanuni.

Kilichotuchukua muda ni mkia wa sentensi. Watoto wanafundishwa sana kuogopa mwanzo, wanasahau kwamba maneno haya yanaweza pia kukaa mwishoni, na hapo koma moja inahamisha mzigo. Nilimwandikia mbili nyuma ya bahasha:

"I saw my uncle carrying a sack of maize."

"I saw my uncle, carrying a sack of maize."

Ya kwanza, mjomba ndiye amebeba gunia. Ya pili, koma imelikata gunia kutoka kwa mjomba, na msomaji makini atalirudisha kwa kiima, yaani kwangu. Mimi ndiye niliyebeba. Binti yangu alisoma mara nne. Akasema, "Mama, koma ina nguvu za kubeba gunia?" Nikamwambia Kiingereza hakina ni- wala a- kwenye maneno haya, kwa hiyo kazi hiyo kimewapa nafasi na koma.

Sikutaka abaki anaogopa. Najua watoto wakikatwa alama kwa jambo fulani wanaliacha kabisa, wanarudi kwenye sentensi za "She sat. She was tired. She was laughing." Zote sahihi, zote kavu kama makande yasiyoungwa. Maneno haya huru, yanayoning'inizwa pembeni ya sentensi kwa koma, ndiyo yanayomfanya msomaji aone. Na kuna aina moja ninayoipenda kuliko zote, inayokuja na mwenyewe wake, kwa hiyo haimshiki mtu mkono: "The rain having stopped, we went to the market." Mvua imekuja na kitendo chake, sisi tuna chetu, hakuna ugomvi. Au "her hands shaking". Mikono ndiyo inayotetemeka, basi.

Ijumaa usiku, nilipodhani tumemaliza, akaniuliza alichokuwa anakingoja tangu Jumatano.

"Yule Babu wa getini, ulikwenda kusema?"

Nilikuwa nimesimulia mpaka kidole cha mhasibu kwenye neno "watchman", nikaishia hapo. Mtoto alikuwa amegundua.

Nilikwenda, ila sikwenda siku ile. Mhasibu alinionyesha Jumanne. Jumanne nilisema nitaandika barua ya kusahihisha kesho. Jumatano nikasema meneja anarudi karibuni, nimsubiri. Ukweli ni kwamba niliajiriwa kwa Kiingereza, na nilikuwa napaswa kwenda kusema kwamba Kiingereza ndicho nilichokosea. Dereva alikuwa kimya, anaendesha, ananisalimia kila asubuhi kwa uchangamfu ambao ulikuwa unaniumiza tumbo. Getini alikuwa amekaa kijana mgeni. Nilipita pale siku sita, asubuhi na jioni.

Jumatatu iliyofuata niliingia kwa aliyekaimu, nikamwonyesha sentensi, nikamweleza nilichotaka kusema na nilichosema. Alisoma, akashusha pumzi, akasema, "Na mimi nilisaini." Tuliandika barua nyingine pamoja, ya sentensi fupifupi zile nilizokuwa nazidharau. "The driver arrived late. He smelled of alcohol. The watchman stopped him at the gate." Babu alirudi kazini baada ya siku kumi na moja. Siku hizo hakulipwa. Nilichanga kitu kidogo kwenye mshahara wangu nikampelekea nyumbani, na nyumbani kwake nikakuta wajukuu wanne na mkewe, ambaye hakunikaribisha ndani.

"Ulimwomba radhi?" binti yangu akauliza.

"Nilimwomba. Nilimweleza kosa lenyewe, kama nilivyokueleza wewe."

"Akasemaje?"

Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mapajani. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikusimulia kwa Kiswahili, na ulikuwa unatikisa kichwa."

Binti yangu hakujibu. Alivuta daftari, akageuza ukurasa, akaanza kuinakili upya insha ya bibi yake, ambayo mwalimu alikuwa amemruhusu kuirudia. Nilimwacha. Nilipopita baadaye kuzima taa daftari lilikuwa wazi mezani, na sentensi ya mwisho, ambayo haikuwapo kwenye insha ya kwanza, ilikuwa hivi: "My grandmother sat under the mango tree, her leg wrapped in a white bandage, laughing at the dog."

Niliipitia kwa kidole, neno kwa neno, kama mhasibu. Nani kakaa: bibi. Kilichofungwa bandeji: mguu, na umetajwa. Nani anacheka: bibi. Mbwa yupo mwishoni kabisa, anachekwa tu. Nikazima taa.